Sura ya Sita: Mguu Ulionyamaza

"Lala hapo," Bi Kidawa alisema. "Lala nikuoneshe. Kwa mdomo hutaelewa."

Octave alivua viatu na koti, akalala kifudifudi juu ya mkeka. Alikuwa mtu mzito, mwenye mabega ya mlinzi, kwa sababu ulinzi ndiyo kazi iliyomleta Johannesburg kutoka Bukavu. Upelelezi alijifundisha baadaye, kwa kusoma majalada ya kesi katika ofisi ya wakili aliyokuwa akiilinda, mpaka siku wakili mwenyewe, Maître Hélène, alipomwambia aache kukaa mlangoni, aingie ndani.

Bi Kidawa alipiga magoti pembeni yake. Aliweka viganja viwili kiunoni mwake, akabonyeza.

"Hapa. Na hapa. Kwa kiganja, taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Na maji ya moto, lakini leo sikuloweshi, baridi hii itakuua. Tumbo silikandi. Tumbo nalifunga mkaja."

"Na kiwiko?"

"Kiwiko ni cha kugombea kiti kwenye teksi."

"Polisi wameandikiwa kwamba ulimupanda mugongoni na magoti."

"Mimi? Umri huu nikimpanda mtu mgongoni, nani atanishusha?"

Octave alicheka, uso ukiwa kwenye mkeka. Kisha akaacha, kwa sababu mwenzake hakuwa anacheka.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Fauzia, msusi kutoka Tanga, alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali moja ya serikali, na mtoto alitoka amekufa. Walimzika kesho yake. Lakini mzazi ni mzazi hata mikono ikiwa mitupu, na arobaini yake ilihesabiwa kama ya wenzake. Wifi yake, Tabia, alimwita Bi Kidawa aje kumkanda. Katika wiki ya tatu, asubuhi moja, Fauzia aliinuka peke yake kwenda chooni, akaanguka. Wayo wa kulia ulikuwa unaning'inia kama kitambaa. Tabia akakumbuka kwamba jioni iliyotangulia alisikia mlio wa kitu kuvunjika kutoka chumbani. Mselem, mume wa Fauzia, akaenda polisi.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Mpelelezi wa polisi alikuwa amemwambia Maître Hélène, kwa adabu, kwamba Jumatatu angekuja kumchukua Bi Kidawa. Kibali cha kuishi cha mama huyo kilikuwa kimekwisha muda, na ombi jipya halijajibiwa. Akishaingia mahabusu, hata mahakama ikimwachia, uhamiaji wangempokea mlangoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita mtaani Yeoville, na Tanga hakuwa na mtu aliye hai.

"Ule mlio," Octave alisema. "Ulitoka wapi?"

Bi Kidawa alisogea hadi miguuni pake. Akashika kidole gumba cha mguu wa kushoto, akakivuta ghafla. Kikalia kwa sauti iliyojaa chumba.

"Ndio huo. Nilimwalisha vidole, damu itembee. Tabia akasikia kidole, akakijengea nyumba ya ghorofa."

"Ulivialisha vidole vyote namna hiyo? Vya miguu miwili?"

Mikono ya Bi Kidawa ilitulia juu ya mguu wake.

"Vya kushoto," alisema.

"Kwa nini si vya kulia?"

Bi Kidawa aliinuka kwa kujishika meza. Akaenda kwenye birika, akalifunua, akalifunika. Octave aliketi, akasubiri. Alikuwa amejifunza kwamba watu wengi hawawezi kuuvumilia ukimya, lakini huyu aliweza.

"Mama Kidawa. Kwa nini si vya kulia?"

"Mwanangu, chumba cha mzazi kina mlango mmoja, na mimi ndiye komeo lake. Nikionacho mle hakitoki. Sikuyatoa ya watu wa Tanga, wengine wakubwa, wenye majina. Ya Fauzia sitayatoa."

"Hata ukikamatwa?"

"Hata nikikamatwa. Vaa soksi. Miguu yako ya baridi kama ya maiti."

*

Daktari Murielle alifundisha udaktari na kutibu wagonjwa huko Braamfontein. Ofisi yake ilikuwa juu ya mtaa ambako mabasi yalipita yamejaa wanafunzi. Alitoka Lubumbashi, alikuwa mtaalamu wa neva, na ndiye aliyempima Fauzia. Majibu ya vipimo Mselem mwenyewe aliyapeleka polisi yawe ushahidi, na Fauzia alikuwa ametia saini ruhusa ya daktari kuzungumza na wakili.

"Karibu, Papa Octave. Una dakika ngapi?"

"Zile utanipa."

Daktari alivuta mbele misuko mitatu ya nywele zake mwenyewe, akaishika karibu na mizizi.

"Neva za mguu zinatoka mgongo wa chini, moja moja, kama nywele kichwani. Zikifika ndani ya nyonga zinasukana. Halafu zinaachana. Hii inaenda mbele ya paja, hii inaenda matakoni, hii inashuka mpaka vidoleni. Fauzia hakuumia kwenye mizizi. Hakuumia kwenye ncha. Aliumia kwenye msuko."

"Unajuaje? Nilisoma kwamba wayo ukianguka, mara nyingi ni goti."

"Umesoma vizuri. Pembeni ya goti neva inapita karibu na ngozi, hata kukunja nne muda mrefu kunaweza kuibana. Lakini mtu wa goti, ukimwambia ageuze wayo utazame ndani, anaweza. Fauzia hawezi. Nikamlaza ubavu, nikamwambia ainue mguu mzima. Hawezi pia. Msuli unaofanya hivyo uko kwenye nyonga, goti haliuhusu. Kwa hiyo nikapanda juu."

"Basi mgongo."

"Mgongo ndio nilioushuku. Nikachukua sindano nyembamba ya mashine, nikaiingiza kwenye misuli, mmoja baada ya mwingine. Msuli uliopoteza neva yake haukai kimya. Unalia peke yake, na kwenye mashine unasikika kama mvua juu ya bati. Wa mbele ya mguu unalia. Wa ndani ya mguu unalia. Wa matakoni unalia. Nikaja pembeni ya uti wa mgongo, ambako neva zinachipuka kabla hazijafika kwenye msuko. Kimya. Mzizi ungekuwa umeharibika, hata pale pangelia." Aliachia nywele zake. "Unaona, hata mimi ni mpelelezi. Tofauti yetu ni kwamba mashahidi wangu hawasemi uongo."

Octave alikuwa na mtu wake mwingine wa kumshuku, na alikuwa amemweka akiba. Karibu na soko la Yeoville palikuwa na bwana aliyechoma watu sindano chumbani kwake bila cheti.

"Sindano ya matakoni? Kuna mutu pale mutaani anachoma."

"Niliuliza, na niliangalia. Sindano mbaya inapiga neva moja, mahali pamoja. Haiwezi kuikamata misuli yote hii. Na Fauzia anasema hakuchomwa."

Octave akamwacha yule bwana aendelee na dhambi zake nyingine.

"Nini kinaharibu huo musuko?"

"Ajali inayovunja nyonga. Damu inayovuja ndani. Uvimbe. Sukari. Picha haikuonesha damu wala uvimbe, mfupa mzima, sukari sawa." Alisita kidogo. "Na kichwa cha mtoto. Neva zile zinapita juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga. Mtoto akiwa mkubwa, mama akiwa mdogo, kichwa kikikwama pale, kinazibana kati yake na mfupa."

"Mikono ya mukandaji haiwezi?"

"Mahali penyewe ni ndani kabisa, na nyuma yake pana ukuta wa mfupa. Sisemi haiwezekani. Nasema sijawahi kuona."

"Mahakamani hiyo haitoshi."

"Basi chukua na hii. Msuli hauanzi kulia siku ya kuumia. Wa mbali namna ile, chini ya goti, unachukua kama wiki tatu. Mimi nilimpima siku chache baada ya kuanguka, na ulikuwa unalia kila mahali. Jeraha lilitangulia. Lilikuwapo kabla ya ule mkando wanaoulaumu."

"Tangu kuzaa?"

Daktari Murielle alitazama nje, mtaani.

"Nadhani. Lakini kuna jambo halikai sawa. Waliniambia uchungu ulianza wakati wa magharibi, na mtoto akatoka usiku ule ule. Kichwa kinachopita haraka hakifanyi hivi, ni nadra sana. Hiki hakikupita haraka. Kilikaa."

"Kilikaa sana?"

"Sana."

Octave aliandika neno hilo moja akainuka. Alipofika mlangoni aligeuka. "Atapona?"

"Neva zilibanwa, hazikukatwa. Zile zilizopoteza ganda tu zinaamka mapema. Nyingine lazima ziote upya kutoka nyongani, kama milimita moja kwa siku, tena zikijisikia. Ni miezi. Lakini wa namna yake, wengi wanatembea. Nilimpa kishikio cha plastiki cha kuvaa ndani ya kiatu, kishike wayo. Nikampangia mazoezi ili kifundo kisikakamae. Hajaja hata mara moja. Nikipiga simu anasema sawa, daktari. Haji."

*

Nyumba aliyokaa Mselem ilikuwa juu ya mteremko, mtaa wa Observatory, nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa vyumba. Octave aliteremka teksi kwenye robot ya chini, penye taa za barabarani, akapanda kwa miguu. Tabia alikuwa uani, anaanika kanga. Upepo wa Julai ulikuwa unazipiga kama unazigombeza.

"Umerudi, Mkongo? Leo umetumwa na nani, Kidawa au wakili wake?"

"Leo nimetumwa na miguu, dada. Huu mulima wenu, eish."

"Miguu mizima hiyo, usiilalamikie."

Octave aliokota kikapu cha vibanio, akakishika akawa anampa kimoja kimoja. Hakuuliza habari ya mlio. Tabia alikuwa ameshausimulia polisi, na mtu akishasimulia kitu polisi, hukilinda.

"Ile siku mulimutoa hospitali, waliwapatia kiti cha magurudumu?"

"Kiti! Nesi alitupa karatasi, akaita mwingine. Kiti ni cha wenye nchi."

"Sasa mulimufikisha gari namna gani?"

"Si tulimshika. Kwenu mzazi anakwenda peke yake? Mimi huku, Mselem kule. Kutoka wodini hadi getini. Hapa nyumbani pia, kutoka getini hadi kitandani. Chooni nampeleka mimi, kuoga namwogesha mimi na Kidawa. Wiki mbili na zaidi wayo wake haukukanyaga chini bila mkono wangu. Andika hilo. Watu wanasema mawifi ni wabaya."

"Nitaandika. Wewe ulimushika upande gani?"

"Kulia."

"Ulichoka?"

"Bega hili? Lilivimba. Nimelipaka dawa wiki nzima. Mselem yeye anatembea zake kama anamsindikiza bibi harusi."

"Kwa nini upande wako ulikuwa muzito?"

"Alikuwa ananiegemea mimi, mtu amefiwa, unataka asimame kama askari? Hata ndala ilikuwa haikai mguuni. Naiokota, namvisha, hatua mbili imetoka tena. Nikaibeba mkononi."

Octave alimpa kibanio.

"Ndala ya muguu gani, dada?"

Tabia alikipokea, hakukitumia. Kanga aliyoishika ilimteleza, ikaanguka kwenye vumbi. Hakuinama kuiokota.

"Toka uani kwangu," alisema.

"Sijasema kitu."

"Umenifanya niseme mimi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wallahi sikujua. Mzazi hushikwa. Nani anaangalia mguu wa mtu aliyeshikwa?"

"Hakuna."

"Alikuwa anatoka hospitali. Kama una kitu, si wangesema hospitali?"

"Wangepaswa kusema."

Tabia aliokota kanga, akaikung'uta, akalitazama doa lake.

"Hayo polisi sitayasema. Sikiliza, Octave. Kaka yangu ameshuka kaburini na mtoto wake mikononi. Tangu siku ile hali, halali, hafungui duka kwa wakati. Ana jambo moja tu linalomwinua asubuhi, nalo ni hii kesi. Mimi ndiye niliyempa. Leo nikamnyang'anye?"

"Na Mama Kidawa?"

Tabia alichukua kibanio kingine kikapuni. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anaendelea kuanika.

Octave alipanga mambo yake. Daktari alijua jeraha lilitokea lini, lakini angeulizwa kuhusu mikando ya siku za mwanzo, na hapo asingeweza kuapa. Tabia alijua, na angekana. Bi Kidawa alijua zaidi ya wote, naye alikuwa komeo. Alibaki mtu mmoja ambaye polisi hawakumhoji kabisa, kwa sababu mumewe alisema yuko ndani ya arobaini, nao wakaandika maelezo ya mume na wifi wakaondoka.

"Nataka kumuuliza mwenye muguu," alisema.

"Mwanaume huingii mle."

"Sitaingia."

*

Tabia alimwekea kiti kwenye ukumbi, mbele ya pazia zito la rangi ya kahawia. Kutoka ndani ilikuja harufu ya udi na mafuta ya nazi. Octave aliweka simu yake sakafuni, karibu na upindo wa pazia.

"Shikamoo, baba," sauti ilisema. Ilikuwa sauti changa kuliko alivyotarajia.

"Marahaba, mama. Pole sana. Naitwa Octave, nafanya kazi na wakili wa Mama Kidawa. Simu yangu inarekodi. Ukitaka nizime, nazima."

"Iache."

"Polisi wanasema uliumia siku moja kabla ya kuanguka."

"Nilianguka."

"Kabla ya kuanguka, muguu ulikuwa namna gani?"

Jikoni sufuria ziligongana mara moja, kisha zikatulia.

"Mama Kidawa atakamatwa Jumatatu," Octave alisema. "Nilimuuliza kwa nini alialisha vidole vya kushoto peke yake. Alikataa. Alisema mambo yako hayatoki."

"Hajasema?"

"Hajasema."

Kitanda kililia. Alikuwa ameketi, au amegeuka.

"Alijua siku ya kwanza," Fauzia alisema. "Alinishika kisigino akauinua wayo, akauachia. Ukaanguka. Akanitazama. Nikamwambia, Bi Kidawa, usimwambie mtu. Akasema haya. Kila siku alikuwa ananikanda huo mguu kwa mkono mwepesi, kama anamkanda mtoto mchanga. Nilidhani utaamka kabla sijatolewa nje. Halafu nikaanguka, na Tabia akaja na mlio wake, na Mselem akashika kofia yake akaenda polisi. Yote yalipita haraka. Kila siku niliyokaa kimya, ya pili yake ikawa ngumu zaidi."

"Kwa nini ulificha, mama?"

Mlango wa mbele ulifunguka. Baridi iliingia ukumbini, ikainua upindo wa pazia. Octave aligeuka. Mselem alikuwa amesimama na mfuko wa mikate ya dukani kwake Soweto, mtu mrefu aliyekonda, kofia mkononi. Hakuna aliyemtarajia kabla ya jioni. Kwa uso wake ilionekana amesikia sehemu ya mwisho.

Octave angeweza kunyamaza. Simu ilikuwa inarekodi, na mwanamke alikuwa karibu kusema.

"Mama Fauzia," alisema, "kabla hujaendelea. Mume wako ameingia. Iko hapa nyuma yangu."

Pazia lilitulia. Mselem hakusogea.

"Na akae," Fauzia alisema mwishowe. "Nimechoka."

Mselem hakukaa. Aliweka mikate chini taratibu, kana kwamba ingeweza kuvunjika.

"Mselem, uchungu haukuanza magharibi. Ulianza alfajiri, ulipokuwa unatoka kwenda dukani. Nilikufungulia mlango na uchungu ulikuwa umeshanishika."

"Nilikupigia," Mselem alisema. "Nilikupigia adhuhuri."

"Nikasema bado. Na alasiri nikasema bado. Nilikuwa nimeng'ata taulo."

"Kwa nini, Fauzia? Ningefunga duka. Ningekuja kwa dakika..."

"Wiki moja kabla nilikwenda kliniki peke yangu. Getini palikuwa na watu wanaofukuza wageni, wanauliza kila mtu kitambulisho. Mama mmoja, mtu mzima kama mama yangu, alinitazama tumbo akasema nikazalie kwetu. Watu wakacheka. Sikukwambia, ungekwenda kugombana nao. Basi siku ile nikasema moyoni, hospitali nako watakuwapo. Nisubiri giza. Usiku watakuwa wamekwenda kulala kwao."

Octave alikuwa anaangalia sakafu.

"Nilidhani mtoto anaweza kusubiri," Fauzia alisema. "Mtoto wa kwanza huchelewa, si ndivyo wanavyosema? Alikuwa ameshuka, amekwama hapa ndani. Nilimsikia. Kila akisukuma, mguu unawaka kama waya wa umeme, mpaka kwenye kidole gumba. Tulikuwa tunasukuma pamoja, mimi na yeye. Halafu alasiri imekwisha, akanyamaza. Na mguu nao ukanyamaza. Ndipo nikakupigia."

Tabia alikuwa ametoka jikoni, amesimama na mkono mdomoni.

"Niliwaambia polisi uchungu ulianza magharibi," Mselem alisema. "Nimeapa."

"Uliwaambia nilichokuambia."

"Nilimtukana yule mama. Mbele ya watu, baada ya swala. Nilimwita mwuaji."

"Najua. Nilikusikia ukimsimulia Tabia, na nikanyamaza." Sauti yake ilikauka, kisha ikarudi. "Baba Octave, simu yako bado inasikia?"

"Inasikia."

"Mimi Fauzia nasema, Bi Kidawa hana kosa. Mguu ulilala kabla hajanigusa, kabla sijafika hata hospitali. Niko tayari kuapa. Waje hapa, au nibebwe niende."

Octave aliokota simu, akazima kinasa, akamtumia Maître Hélène rekodi pale pale. Jibu lilikuja kabla hajaiweka mfukoni. Rekodi ile pamoja na maelezo ya daktari vilitosha. Wakili alikuwa anampigia mpelelezi wa polisi sasa hivi, na kesho asubuhi angekuja mwenyewe na mtu wa kuapisha. Octave aliwasomea kwa sauti, ili asije mtu akasema hakujua.

"Nitakwenda kwa Bi Kidawa leo," Mselem alisema. "Kabla ya swala. Sijui nitasema nini, lakini nitakwenda."

"Hatakuuliza kitu," Octave alisema. "Utapewa chai."

Kazi yake ilikuwa imekwisha. Aliinuka, akachukua koti. Lakini daktari alikuwa amempa swali, na hakuwa mtu wa kurudisha swali bila jibu.

"Mama, Daktari Murielle anasema muguu utarudi. Polepole, lakini utarudi. Anauliza kwa nini huendi mazoezi."

"Uliniambia hawajakupangia," Mselem alisema kuelekea pazia. "Uliniambia tunasubiri simu yao."

"Wamenipangia."

"Basi kwa nini?"

"Hukumwona akiwa hai, Mselem. Hata mimi sikumwona. Hakulia, hakunyonya, hakumshika mtu kidole. Duniani hapa amegusa mahali pamoja tu, hapa ndani, na alipagusa kwa nguvu zake zote. Nikipona, atakuwa hajagusa popote."

Mselem alisimama kama mtu aliyeitwa jina asilolijua. Kisha akalisogeza pazia, akaingia, nalo likaanguka nyuma yake.

Tabia alirudi jikoni bila neno. Octave alibaki ukumbini amelishika koti, hakupata njia ya kutoka bila kuliza ubao wa sakafu.

"Hapa?" alimsikia Mselem akiuliza.

"Hapo sisikii."

"Hapa?"

"Sisikii."

Kitanda kililia. Mselem alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Na hapa?"

Fauzia alichelewa kujibu.

"Hapo kidogo," alisema. "Usiutoe mkono."